Kwa Nini Mkamwana Hafunui Uso

Hapana, Semkiwa, hakuungua moto. Nimekuambia mara tatu leo, na sasa naandika hapa kwenye daftari langu ambako huwezi kunikatiza maneno. Mkamwana hakuungua uso, hakuzaliwa Iringa, na hajawahi kuruka kutoka juu ya lile jiwe lenu kubwa linaloangalia mji. Alizaliwa Uyole, kwenye daftari la hesabu lenye jalada la bluu, mwezi wa saba wakati wa baridi, na aliyemchora wa kwanza ni mimi, Tusekile, nikiwa darasa la nne na vidole vimekufa ganzi.

Ugomvi wenyewe umeanza mchana tulipokuwa tunasahihisha madaftari. Semkiwa ni mwalimu mwenzangu hapa Iringa. Tunafundisha shule moja ya wasichana, tunalala chumba kimoja, na kwa mambo mengi tunapatana. Kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la mtoto mmoja wa darasa la tatu tumekuta picha ya mwanamke amejitanda nguo mpaka kidevuni, anaruka juu ya paa la kanisa na debe la maji kichwani, na pembeni kwa herufi kubwa pameandikwa KOHOO. Semkiwa akacheka. "Mkamwana huyo. Bado wanamchora? Sisi bweni zima tulikuwa tunamchora. Yule alikuwa Mhehe, baba mkwe wake alimchomea nyumba, ndiyo maana hafunui uso." Nikamwambia huyo ni wangu, nimemchora mimi. "Wewe?" akasema. "Nyie Wanyakyusa kila kizuri kimetoka kwenu. Ngoja kidogo utasema hata baridi ya Iringa mliileta nyie kwenye mikungu ya ndizi." Nikamwambia baba mkwe hakuchoma nyumba ya mtu, baba mkwe alikuwa mtu mzuri. Akaweka kalamu chini. "Haya, mwenye mali. Kama ni wako, huko chini ya nguo ana sura gani?" Nikashindwa kujibu. Siyo kwamba siijui. Naijua mpaka kovu. Nilishindwa kwa sababu miaka tisa iliyopita nilisema uongo juu ya sura hiyo mbele ya watu wazima, na tangu siku ile sijachora uso wa mtu yeyote.

Basi nianze na harufu, maana kabla ya picha ilikuja harufu. Kaka yangu Ambakisye alikuwa anafanya kazi kwenye migodi ya dhahabu Makongolosi, na kila akija likizo alikuja na harufu ya kule: mafuta ya taa, tumbaku kali, na vumbi jekundu ambalo sisi wa Uyole, wenye udongo mweusi na ukungu mpaka saa nne asubuhi, tulikuwa hatulijui. Mwaka ule alishuka kwenye lori la magunia, akaweka sanduku lake la bati katikati ya uwanja, akalifungua, na harufu ikatoka kabla ya vitu. Mama alipata kitambaa. Mke wake alipata kioo kidogo cha mkononi. Baba alipata kisu kipya cha kuchania mianzi, kwa sababu baba alikuwa fundi wa kusuka vikapu. Mimi nikapata kitabu cha picha. Kaka alikuwa amekiokota kwenye takataka za Mzungu mmoja aliyefunga mizigo kurudi kwao. "Wewe si unachorachora kuta za watu kwa mkaa," akaniambia. "Chukua hiki, ukuta upumzike."

Kitabu kilikuwa chembamba, karatasi yake laini kama ngozi ya sikio, na rangi zake sikuwahi kuziona mahali pengine isipokuwa kwenye ndege na vidonge. Kurasa za mwanzo hazikuwepo. Mtu alizichana, labda kwa kuwashia moto, labda kwa kusokotea tumbaku. Kwenye zilizobaki alikuwepo mwanamke wa Kizungu mwenye gauni la kijani na glavu za njano, usoni amefunga kitambaa. Ananyanyua gari kama sisi tunavyonyanyua kinu. Anapita juu ya majumba marefu na watu chini wanamnyooshea vidole. Maneno yalikuwa yameandikwa ndani ya viputo vyeupe vinavyotoka midomoni mwao, lakini Kiingereza changu kiliishia kwenye kalamu, meza na mlango, na hakuna mtu kwenye kitabu kile aliyekuwa na habari ya kalamu. Kwa hiyo tulisoma picha tu, mimi na wasichana wenzangu watano, nyuma ya darasa, tumebanana kama viazi kwenye gunia ili upepo usipate pa kupita. Swali lilikuwa moja: kwa nini anaficha uso? Jibu bila shaka lilikuwa kwenye zile kurasa zilizochanwa. Lakini ukurasa wa mwisho ulituonyesha mzee mwenye ndevu nyeupe na fimbo anatokea kwenye kona ya barabara, na papo hapo yule mwanamke anaruka na kupotea nyuma ya paa. Atupele, rafiki yangu, akajipiga paja. "Anamkimbia baba mkwe," akasema. Hakuna aliyebisha. Sote sita tuliona jambo liko wazi kabisa, tukashangaa tu kwamba na Wazungu nao wana mwiko huo.

Kwa asiyetoka kwetu inabidi nieleze. Mke wa mtoto wa kiume, yaani mkamwana, hamtazami baba mkwe wake, na baba mkwe hamtazami yeye. Hawaingii nyumba moja, hawapishani njiani. Akimwona kwa mbali anatoka njiani, anajificha kwenye majani, anavuta nguo kichwani mpaka mzee apite. Hiyo siyo chuki. Ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote, na wote wawili wanaifanyia kazi siku nzima. Baba yangu, kabla ya kuzunguka kona yoyote ya nyumba yake mwenyewe, alikuwa anakohoa. Kohoo. Alikuwa hana kifua, alikuwa mzima kabisa. Alikohoa ili Wifi apate nafasi ya kujiondoa. Na wakiwa na la kuambiana walilipitisha kwangu, hata kama kati yao pana ukuta wa mianzi tu na kila mmoja anasikia mpaka mwenzake anavyomeza mate. Wifi alikuwa anasema kutoka jikoni, "Tuse, mwambie baba viazi vimeiva." Mimi namgeukia baba, "Baba, viazi vimeiva." Baba anajibu, "Mwambie asante, na kwamba leo harufu peke yake imenishibisha nusu." Nageuka tena, "Wifi, anasema asante," na ile ya harufu siipelekagi, kwa uvivu, mpaka baba ananiambia, "Peleka yote, usinikatie maneno yangu."

Wifi Subilaga alikuwa na miaka labda kumi na minane. Alikuwa mrefu, mwepesi, ana mwanya mpana mbele na kovu dogo lililokata nyusi ya kushoto, alilopata utotoni kwao Tukuyu alipoanguka kwenye mgomba. Alikuwa ameolewa miaka miwili na katika miaka hiyo miwili baba hajauona uso wake hata mara moja. Tatizo lilikuwa njia. Baba alikuwa anasukia vikapu vyake kwenye kigoda kando ya njia fupi ya kwenda kijitoni, mahali penye jua, kwa sababu ya magoti yake. Wifi hakuweza kupita pale. Ilibidi azunguke nyuma ya shamba la pareto, aruke mfereji, apenye uzio, apande kilima, ndipo ateremke majini; na kurudi hivyo hivyo, debe kichwani, halafu kikohozi kinaweza kusikika popote. Nimemwona kwa macho yangu akiruka mfereji na debe limejaa, bila kumwaga hata tone, akatua, akachuchumaa nyuma ya tuta la kabichi za mama, kaniki tayari iko kichwani, yote hayo kabla baba hajamaliza kukohoa. Mimi nilikuwa nasimama mdomo wazi. Nilikuwa na kitabu cha Mzungu anayeruka kwa rangi, na nilikuwa na Wifi anayeruka kweli.

Kwa hiyo zile kurasa zilizochanwa nilizichora mwenyewe, na hapo ndipo alipoanzia, Semkiwa, soma vizuri. Palikuwa na msichana aliyeolewa nyumba ambayo njia ya maji inapita mbele ya kigoda cha baba mkwe. Siku ya kwanza aliruka mfereji. Siku ya pili akaruka uzio. Mwezi wa pili akaruka ghala la mahindi. Kila siku ya kujificha ilimwongezea nguvu kidogo miguuni na masikio yakawa makali, mpaka akaweza kusikia kikohozi kilichoko kilima cha pili. Halafu siku moja yuko katikati ya shamba lililovunwa, peupe, hakuna jani, hakuna jiwe, hakuna hata kichuguu, na kikohozi kikatokea karibu. Hakuwa na pa kukimbilia kushoto wala kulia. Akaruka juu. Akakaa huko huko juu, kimya, debe kichwani, mpaka mzee akapita na kupotea. Aliposhuka hakuwa tena mtu wa kawaida. Hicho ndicho chanzo chake chote. Hakuna moto, hakuna jiwe. Nilikichora kwa siku tatu kwenye kurasa tupu za daftari la hesabu, kwa penseli moja fupi niliyokuwa nailamba ncha, na mwalimu alinipiga fimbo mbili kwa sababu hesabu hazikuwepo. Sikusikia maumivu. Nilikuwa nawaza mchezo wa pili, maana kila kisa chake tulikiita mchezo.

Ikawa kila wiki mchezo mpya. Mkamwana alizuia lori lililokatika breki kwenye mteremko. Mkamwana alimtoa mtoto kwenye mafuriko. Mkamwana aliwageuza nzige kwa kupunga kaniki. Lakini kila mara, kabla hajamaliza, pembeni ya picha nilikuwa naandika KOHOO, na hapo watoto walikuwa wanapiga kelele, kwa sababu lazima amalize kuokoa na apotee kabla mzee hajatokea. Mzee mwenyewe hakuwa adui. Alikuwa anatembea tu, maskini, anatafuta fimbo yake au mbuzi wake, na siku zote anafika mahali pabaya kwa wakati mbaya, anawakuta watu wameokolewa, anasema, "Jamani, nani amewasaidia?" na hakuna anayemwambia. Daftari lilizunguka shule nzima. Lilirudi na alama za vidole vya mafuta, na machozi, na siku moja lilirudi na mbegu ya boga imebanwa kati ya kurasa kama zawadi. Wasichana waliokuwa wanaenda shule za bweni walilinakili usiku na mchana, ndiyo njia aliyopitia mpaka akafika kwenu Iringa. Darasani mwalimu hakuweza kukohoa. Akikohoa tu, wasichana wote wanavuta kola za magauni mpaka puani.

Wifi alikuwa anapenda kuliko wote. Alikuwa hajui kusoma, nilimwonyesha picha moja moja tukichambua maharage. Akafika mahali akaniuliza, "Mbona humchori akiwa amefunua? Hata kijitoni, akiwa peke yake, hafunui?" Nikasema sijui sura yake. Akachukua kile kioo chake kidogo, akajitazama, akakiweka chini. "Kioo hiki kinaonyesha jicho moja moja," akasema. "Nichore mimi. Nataka kujiona nzima." Basi nikamchora kwenye ukurasa mzima, Mkamwana anapumzika kijitoni baada ya kazi, nguo imeanguka mabegani, maji yanamchuruzika kidevuni. Nilifanya mwanya. Nilifanya kovu kwenye nyusi kwa kuacha nafasi nyeupe nyembamba. Nilipomaliza sikuamini mkono wangu. Wifi aliutazama ukurasa ule mpaka maharage ya motoni yakaungua.

Kosa ni langu. Ukurasa huo ulikuwa wa Wifi, ningeuchana nikampa. Lakini ulikuwa mzuri mno, nami nilitaka Atupele auone, nilitaka wote wauone. Nikapeleka daftari shule kesho yake. Jumamosi Atupele akalirudisha nyumbani. Alipitia njia fupi. Akamkuta baba kwenye kigoda, akapiga magoti kama alivyofundishwa, akampa daftari kwa mikono miwili, "Baba, hili la Tusekile," akaenda zake. Baba alikuwa hasomi, lakini picha alikuwa anazipenda. Mimi nilikuwa nikitoka kuchuma mboga nikamwona amelifungua magotini, anacheka peke yake, anageuza, anageuza, na Shangazi, dada yake mkubwa aliyekuja kututembelea siku hiyo, amekaa pembeni yake anamenya muwa. Baba akafika kwenye ukurasa ule. Akaacha kucheka. Akausogeza mbali na macho, akausogeza karibu. "Dada, hebu ona mtoto huyu anavyochora," akasema. "Huyu msichana kama anataka kusema neno. Mzuri. Sijui kamtoa wapi."

Shangazi aliangalia mara moja tu. Muwa ukamtoka mkononi. "Kaka, funga hilo daftari," akasema. "Umemtazama mkamwana wako."

Mchi wa Wifi, uliokuwa unatwanga nyuma ya ukuta wa jikoni, ulisimama. Shangazi alikuwa amekwisha simama. Alisema jambo hili halina mchezo, uso umeonekana, tena mwenyewe ameusifia. Kwamba msichana afunge nguo zake arudi kwao Tukuyu leo leo, akae huko mpaka wazee wa pande mbili wakutane, na kama wataona harudi, basi harudi. Mimi nikaanza kusema ni picha tu, Shangazi, ni karatasi. "Wewe nyamaza, ni wewe uliyemvua nguo mwenzako," akaniambia. Na mimi nilijua alichokuwa anasema, maana ndivyo nilivyojisikia. Nikafikiria kaka atakaporudi kutoka Makongolosi na kukuta jiko limepoa. Nikafikiria Wifi anavyopanda lori na kaniki kichwani.

Baba hakupandisha sauti. Alilifunga daftari, akalaza kile kisu chake cha mianzi juu yake. "Dada," akasema, "unasema nimemwona mkamwana wangu. Mimi sura yake siijui. Nitajuaje kama ni yeye? Wewe unaijua, lakini macho yako ya mbali nayajua mimi, leo asubuhi umeita mbuzi jina la mbwa. Anayejua kachora nini ni mchoraji. Tumuulize yeye." Kisha akanigeukia, akanitazama kwa namna ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona. "Tuse. Hii picha ni mbaya. Pua imepinda, jicho moja liko shavuni. Ulitaka kumchora nani ukashindwa?"

Dakika moja kabla alikuwa amesema ni mzuri. Alikuwa amesema anataka kusema neno. Hakuna mtu mzima aliyewahi kusifia mchoro wangu, na yeye ndiye wa kwanza, na sasa ananiomba niuue mbele yake. Nilikuwa na miaka kumi na moja na kitu kimoja tu duniani nilichokijua vizuri kuliko wengine. Nilitaka kusema ni yeye, nimempatia, angalieni mwanya. Kwenye upenyo wa mianzi niliona kipande cha kaniki kimetulia tuli.

"Nilitaka kumchora Wifi," nikasema. "Nikashindwa. Hafanani hata kidogo."

"Na mwanya?" Shangazi akauliza.

"Penseli ilivunjika."

"Na hilo kovu la nyusi?"

"Nilifuta vibaya."

Shangazi alinitazama, halafu akamtazama kaka yake, na nafikiri alielewa yote, maana hakuwa mjinga. Akaokota muwa wake, akaupangusa. "Basi kama ni mbaya, ifunikwe," akasema, "asije mwingine mwenye macho mabaya kama yangu akakosea." Baba akanipa daftari. Nikaokota mkaa kwenye majivu ya mama, nikakaa chini pale pale mbele yao, nikamvalisha Mkamwana nguo nyeusi kuanzia utosini mpaka kidevuni. Nilikandamiza mpaka karatasi ikakwaruzika. Nilipomaliza baba akasema, bila kunitazama, "Tuse, mwambie wifi yako aendelee kutwanga, mimi nina njaa." Nikageuka nikasema, "Wifi, baba ana njaa." Mchi ukaanza tena. Jioni, kijitoni, Wifi alinishika mkono. "Nilifanana?" akaniuliza. Nikamwambia, "Sana." Akacheka mpaka mwanya wote ukaonekana, lakini mimi nililia. Na kuanzia mchezo uliofuata, Mkamwana hakufunua uso tena. Watoto waliuliza, nikawaambia ndivyo alivyo. Wao wakabuni sababu zao: ameungua, ni jini, ni mrembo mno. Ndiyo hizo zimekufikia, Semkiwa.

Wiki iliyopita nimepata barua kutoka Uyole, imekuja na dereva wa basi. Wifi ameiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa kama za viputo vya kitabu kile, maana amejiunga na darasa la akina mama la kanisani. Anasema baba amebatizwa uzeeni, na wazee wa kanisa wamewataka wakwe wasalimiane kwa mkono mbele ya watu wote. Baba alikohoa, kwa mazoea, na yeye karibu aruke benchi. Halafu wakashikana mikono na baba akainua macho, akamtazama usoni muda mrefu mpaka mchungaji akaona haya. Sentensi ya mwisho ya barua nimeisoma mara nyingi mpaka imechakaa: BABA AMESEMA NIKUAMBIE YOTE NISIKUKATIE MANENO YAKE, AMESEMA, KUMBE YULE MTOTO ALIPATIA.

Anasema pia kwamba siku hizi anapita njia fupi. Kaka ameweka ubao juu ya mfereji, baba anasogeza kigoda chake amwachie nafasi, na wanaulizana habari ya maji wao kwa wao, bila mtu katikati. Nimefurahi, nimefurahi mpaka nimezunguka chumba. Wifi hana tena sababu ya kuruka, na magoti yake yamepumzika, na watoto wangu darasani wanachora mtu anayeruka bila kujua aliruka nini. Mimi mwenyewe nina cheti cha sekondari, nina chaki za rangi nne, na kwa miaka tisa nimechora ramani, nimechora maua na sehemu zake, nimechora moyo wa ng'ombe ubaoni, kila kitu isipokuwa uso. Nilidhani nimeacha kwa sababu niliwahi kufanya vibaya. Kumbe niliacha kwa sababu nilisema nimefanya vibaya, na hakuna aliyenirudishia neno langu mpaka wiki iliyopita.

Semkiwa amelala, anakoroma kama lori la mahindi. Kesho asubuhi nitaamka kabla ya kengele. Nitakaa kwenye ngazi za darasa la tatu ambako jua linaanza kufika, na karatasi kubwa ya kuchorea ramani, na penseli mbili nilizokwisha chonga. Nitaanza na mwanya. Halafu kovu, nitaliacha jeupe kama mwanzo. Nitamchora Wifi mzima, amefunua, na chini nitaandika Mkamwana, ili Semkiwa na shule yote waone alivyo. Kisha nitaikunja, nitampa dereva wa basi la Uyole, na juu ya bahasha nitaandika jina la baba.